Runx yangu na inteki ya koni: kumbukumbu kuanzia Juni hadi Nane Nane

Juni 7

Leo nimefungua boneti nikiwa tayari nimeshaamua. Wiki mbili nzima nimekesha na picha za inteki za alumini, yale mabomba manene yanayong'aa ya kupeleka hewa kwenye injini, yenye filta ya koni mwishoni, mpaka nikaamini kabisa kwamba hiki ndicho Runx yangu inachokosa. Sababu ninayo. Nikipandisha Mlima Nyoka, hapa Mbeya, na watu wanne ndani, gari linashusha gia lenyewe, injini inalia, mguu wangu umefika kwenye kapeti, na bado Coaster iliyojaa mpaka mlangoni inanipita konda akinitazama kwa huruma.

Gari lenyewe ni Toyota Runx, NZE121, injini 1NZ-FE ya sisi (cc) 1,497. Kiwandani imeandikiwa nguvu za farasi kama 109 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Haina tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa ya ziada. Ni gari la shule, la kazini, la sokoni na la msibani, kwa hiyo chochote nitakachofunga lazima kesho yake asubuhi liwake.

Boksi la filta linafunguka kwa klipu tu. Ndani nimekuta aibu. Filta ilikuwa ya kijivu upande mmoja na nyekundu upande mwingine. Nilipoigonga kwenye tairi likamwagika vumbi la ule ujenzi wa barabara ya njia nne, punje mbili za mchele, na mabawa ya kumbikumbi yaliyobaki tangu mvua za kwanza, makavu kama karatasi ya sigara. Mtu mwenye akili angenunua filta mpya hapo hapo na mradi ungekwisha. Mimi nikaipuliza kwa kompresa ya jirani, nikairudisha, nikaendelea kutafuta koni.

Juni 14

Mwanjelwa, duka la tatu. Nilikuwa na njia nne kichwani.

Ya kwanza ni filta ya karatasi ya kawaida, umbo lile lile la kiwandani. Ya pili ni filta bapa ya pamba inayooshwa na kupakwa mafuta, kama zile za K&N, inaingia kwenye boksi lile lile. Hii ilinivutia kwa sababu inadumu, ila inataka nidhamu: ukiizidishia mafuta, mvuke wake unakwenda kuganda kwenye sensa ya hewa, kile kidude kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Na hapa kwetu, kwa vumbi hili la kiangazi, ningekuwa naiosha kila mara. Najijua. Hata viatu vya kanisani nasafisha Jumamosi usiku.

Ya tatu ni lile bomba refu linaloshuka mpaka nyuma ya bampa kufuata hewa ya baridi. Kwa nadharia ndilo bora kuliko yote. Lakini mimi msimu wa mvua napita kwenye madimbwi ambayo huwezi kujua kina chake mpaka uingie. Filta ikizama, injini inavuta maji, na maji hayagandamiziki kama hewa. Pistoni ikipanda ikayakuta, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoishika pistoni. Nikaifuta siku hiyo hiyo.

Ikabaki ya nne, koni fupi ndani ya boneti.

"Kaka, hii ukifunga unaongeza farasi kumi na tano," kijana wa duka akaniambia.

"Mmepimia wapi?"

Akacheka. "Wewe funga, utasikia mwenyewe."

Elfu themanini na tano. Stika ya kampuni kubwa ilikuwa imebandikwa pembeni, herufi moja imekosewa, sikubishana naye. Njiani nikapita duka la pembejeo za mifugo nikanunua kipimajoto cha dijitali chenye waya mrefu, kile wanachotumia wenye mashine za kutotolesha vifaranga. Hicho ndicho kitu cha maana nilichonunua siku ile, ingawa sikujua bado.

Juni 15

Kufunga kumechukua saa moja na nusu, spana namba 10 na bisibisi. Boksi la kiwandani likatoka zima. Kibomba cha alumini kina tundu la sensa ya hewa upande mmoja, na upande mwingine kinaungana kwa klampu na ule mpira wa zamani wenye mikunjo unaokwenda kwenye throtoli, kile kilango kinachofungulia injini hewa ukikanyaga mafuta. Kilizidi upana pale sensa inapokaa, kama milimita nane kwa rula ya mtoto. Nilijiambia si neno. Pia hakikuwa na pa kuegemea, uzito wote ulining'inia kwenye mpira. Hilo nalo nilijiambia si neno.

Nikawasha. Jamani, ule mlio! Ukikanyaga kidogo inavuta pumzi kama fahali. Nilizunguka mtaa mara mbili bila sababu. Mke wangu akatoka nje na kanga begani: "Mbona linakoroma?" Mzee wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi kuniuliza lolote kuhusu gari, akaniita ukutani kwake. "Mwanangu, lina pumu?"

Juni 16 hadi 20

Kipimajoto. Ncha yake nimeifunga karibu na koni, waya nimeupitisha pembeni mwa boneti, kioo kipo kwenye dashibodi. Asubuhi zetu za Juni zinajulikana, ukitoa mkono nje dirishani unaurudisha. Nje nyuzi 14. Gari likienda vizuri, hewa inayoingia kwenye koni ilikuwa 31. Kwenye foleni ya Mafiati ikapanda taratibu mbele ya macho yangu, 38, 44, 49, ikasimama kwenye 52.

Nilitoa elfu themanini na tano ili injini yangu ivute hewa iliyopita kwenye rejeta.

Hewa ikipata joto inatanuka, na kila nyuzi 10 zinapunguza uzito wake kwa asilimia 3 hivi. Kutoka 14 mpaka 52 ni karibu asilimia 12 ya hewa iliyopotea kabla haijafika kwenye silinda. Na bado kwenye mguu wangu gari lilionekana jepesi zaidi! Nilikaa nalo hilo usiku. Mlio ulikuwa unanidanganya: kelele ikiongezeka mtu anakanyaga zaidi, halafu anaisifu koni.

Juni 21

Taa ya injini imewaka, pale pale kwenye Mlima Nyoka. Gari likisimama linatetema, mizunguko inapanda na kushuka peke yake.

Fundi ninayemtegemea yupo Soweto ya hapa Mbeya, mtu mzima, hana haraka na hakubali kuharakishwa. Alichomeka mashine yake ikatoa P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Nikaanza kumweleza habari ya upana wa kibomba nilivyosoma: sensa ina waya wa moto, hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inakadiria hewa kwa kiasi cha umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake. Bomba likiwa pana kuliko lile ililopimiwa, hewa inapita pole pole, sensa inahesabu pungufu, petroli inatolewa pungufu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Halafu akaingiza mkono chini ya ule mpira wa mikunjo, akaukunjua kama kinanda, akanishikia kioo kidogo cha mkononi nitazame upande wa chini.

Ufa. Umefuata bonde la mkunjo, mrefu kama kidole changu cha kati, kingo zake zimekauka na kuwa nyeupe. Ukiuacha mpira ukae wenyewe unafunga, huuoni. Ukiuvuta kidogo unafunguka kama mdomo.

"Kijana wangu, gari lako lina pua mbili," akasema. "Moja ina filta. Ya pili haina."

Ufa ule haukuletwa na koni. Kwa rangi ya kingo zake ulikuwepo miezi mingi, na ndio uliokuwa unaninyima nguvu mlimani: injini ikisukumwa inajitikisa, mpira unavutika, ufa unafunguka, inaingia hewa ambayo sensa haikuihesabu. Koni ilichofanya ni kuning'iniza uzito wake hapo mpaka mdomo ukabaki wazi muda wote. Na muda huo wote injini ilikuwa inakula vumbi la barabarani moja kwa moja.

Hapo ndipo nilipotulia. Elfu themanini na tano zangu zilikuwa zimenunua utambuzi wa ugonjwa kwa njia ndefu.

Juni 28

Mpira mwingine nimeupata kwenye spea za mtumba, umetolewa kwenye Corolla iliyokatwa. Elfu ishirini na tano baada ya kuvutana. Niliukunjua wote mbele ya muuzaji, mkunjo kwa mkunjo, akanuna. Boksi la kiwandani limerudi. Filta mpya ya karatasi elfu kumi na nane. Sensa nimeipulizia dawa yake maalumu na kuiacha ikauke yenyewe, maana ule waya ukiugusa hata kwa kitambaa laini unaweza kuukata.

Nikiwa nasubiri ikauke nikapiga hesabu ambayo ningeipiga mwezi mmoja kabla. Injini ya mipigo minne inavuta ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili. Kwa sisi 1,497 kwenye mizunguko 6,000, hizo ni lita karibu 4,490 za hewa kwa dakika, na hapo ndipo filta nyepesi inaweza kudai kitu. Mimi kutoka Uyole mpaka Forest naenda na mizunguko 2,000 au 2,200, throtoli imefunguka kidogo tu. Kile kibati cha throtoli ndicho kinachobana hewa, kwa makusudi, maana ndivyo injini ya petroli inavyodhibitiwa. Kupanua filta huku mlango wa ndani umerudishiwa ni sawa na kupanua geti la uwanja na kuacha kimlango cha nyumba kilivyo.

Vipimo vya boksi la zamani, foleni ile ile, saa ile ile: likienda 17, Mafiati 29. Pua yake inachungulia mbele, juu ya rejeta, inakopigwa na upepo. Wajapani walishafikiria.

Julai 7

Saba Saba tumekwenda Kyela kwa mjomba. Safari hii ilinifundisha zaidi ya gereji. Kupanda Isyonje, kwenye ukungu na ndoo za viazi pembeni mwa barabara, gari lilikuwa laini, halitetemi, lakini zito vile vile. Kushuka Tukuyu likaanza kuchangamka. Tulipofika Kyela, joto limetanda, migomba imesimama kimya, nikakanyaga kuipita bajaji na gari likaruka mpaka mke wangu akashika dashibodi. "Umefunga tena kile kitu?"

Sikufunga kitu. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, na huku juu hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ya pwani. Farasi 109 wa kwenye karatasi, ukiwapandisha Mbeya bila tabo, wanabaki kama 92. Kyela ni kama mita 500 tu. Hata kwa joto lake, nyuzi 27 dhidi ya 14 za nyumbani, hesabu yangu inanipa hewa nzito zaidi kwa asilimia 10 hivi. Hakuna duka Mwanjelwa linalouza asilimia hizo kwenye boksi la elfu themanini na tano.

Mjomba, baada ya kusikia hadithi nzima, alisema tu, "Basi hamia huku." Tukarudi na mchele.

Agosti 8

Nane Nane, barabara ya kwenda viwanja vya John Mwakangale imesimama kabisa. Dakika arobaini ndani ya Uyole, vumbi la Agosti, honi, mbuzi wa maonyesho kwenye Canter mbele yangu. Kipimajoto kilipanda mpaka 36, gari likaanza kusogea, kikashuka chini ya 20 kabla sijafika Igawilo. Injini imetulia tuli, taa haijawaka tangu Juni. Mlima Nyoka sasa napanda bila kulia, ingawa Coaster bado zinanipita. Hizo zina dizeli na dereva asiyelipia matengenezo mwenyewe.

Filta nimeifungua jana kutazama. Wiki sita, na kwenye mikunjo kuna vumbi jekundu la kuandikia jina. Upande wa injini mweupe pe. Nitaibadilisha kabla ya mvua, halafu tena zikiisha. Filta ya pamba nimeiacha kabisa.

Kipimajoto kimechukuliwa na mama watoto, ana vifaranga wa siku tatu jikoni.

Koni nimeiuza jioni hii kwa elfu arobaini, kwa kijana mwenye Altezza. Nilimweleza yote: joto, sensa, mpira, uzito unaoning'inia. Nikamwonyesha mpaka namba nilizoandika kwenye daftari la mwanangu. Akaitikia kila kitu kwa adabu, "sawa kaka, sawa kaka", kisha akaniomba nimsikilizishe ile video niliyorekodi Juni 15 wakati nazunguka mtaa. Akaweka simu sikioni, akafumba macho.

"Ndiyo hiyo," akasema, akatoa hela.