Nimemaliza The Lion King ya zamani kwenye Switch bila kurudisha nyuma, nilivyofanya ni hivi

Jamani nimeimaliza. The Lion King ile ya 1994, gemu ya kurukaruka ambayo wengi wetu tuliishia levo ya pili tukaona basi ndo mwisho wake, nimeimaliza Switch (ile mashine ya gemu ya Nintendo) ikiwa mkononi, tangu Simba ni mtoto mpaka adui yake Scar anadondoka, na mzunguko wangu wa mwisho sikugusa batani ya kurudisha nyuma hata kidogo. Nina furaha sana na nataka niandike saa hivi kila kitu kikiwa bado kiko kichwani, maana kuna wengi wamekwama palepale nilipokwama mimi na wakiuliza wanaambiwa tu kaza utapita, sasa kukaza vipi hakuna anayesema.

Kwa ambaye haijui, hii gemu ilitengenezwa na Westwood Studios, haohao waliokuja kutoa gemu ya vita ya Command & Conquer mwaka 1995, na wachoraji wa Disney walihusika kuchora wahusika ndo maana mpaka leo Simba akitembea anatembea kama kwenye filamu kabisa, mkia unacheza, akichungulia ukingoni anatetemeka. Inapendeza mno. Mwaka 2019 ikarudi kwenye mkusanyo mmoja na Aladdin na humo ndani unapata matoleo ya mashine tatu za zamani, la Mega Drive, la Super Nintendo na la Game Boy. Mimi nilicheza la Super Nintendo kwasababu muziki wake naupenda zaidi. Ule mkusanyo unakuruhusu kusevu popote na kurudisha nyuma ukikosea, vitu ambavyo gemu yenyewe haikua navyo kabisa, zamani laifu zikiisha na kontinyu (zile nafasi za kuendelea ulipofia) zikiisha unaanza upya kutoka mwanzo, hakuna paswedi hakuna nini.

Sasa wengine wanasema kurudisha nyuma ni kuiba. Sikubaliani, inategemea unaitumia kufanya nini. Ukiitumia kujiokoa kila ukifa utafika mwisho ndio, ila mikono yako haitakua imejifunza kitu na levo inayofuata utateseka vilevile. Mimi nilijiwekea utaratibu kwamba kurudisha nyuma ni kwa ajili ya mazoezi tu. Nachukua kipande kimoja kinachonishinda, narudia hichohicho, nikishakipita vizuri mara kadhaa mfululizo bila kuguswa ndo nakiacha naenda kingine. Halafu siku nikiona vipande vyote vimekaa sawa naanza gemu upya, ugumu wa kawaida, kurudisha nyuma marufuku.

Kabla ya yote rekebisha vitu viwili vitatu. Cheza na zile batani nne za kushoto, stiki iache, kwasababu stiki ukiilaza vibaya kidogo tu Simba anainama au anajiviringisha wakati ulitaka akimbie, na kwenye hii gemu hilo linatosha kukutupa shimoni. Zima pia ile filta inayoweka mistari kama tivii ya zamani, kwenye tivii kubwa ni nzuri ila kwenye skrini ndogo ya mkononi inafifisha picha na kuna vitu vidogo unatakiwa uvione mapema. Na vaa hedifoni. Nitaeleza mbele.

Levo ya kwanza ni nyepesi ila usiipite haraka, ile ndo darasa. Kuna nungunungu, ukimrukia hivihivi anakuchoma, inabidi umngurumie kwanza apinduke tumbo juu ndo umrukie. Na kile kipimo cha ngurumo pale juu ya skrini lazima kijae, ukinguruma hakijajaa ni kelele tu hakuna kinachotokea. Mwishoni unakutana na fisi, na huyu fisi ndo anakufundisha gemu nzima: humpigi akiwa na nguvu, unamkwepa, anaruka unapita, anaruka tena unapita, mpaka achoke asimame anahema, hapo ndo unamrukia. Gemu yote hii ni ya kusubiri. Inaonekana ya kukimbia lakini ni ya kusubiri, na mimi mambo yalianza kunyooka nilipoacha kukimbilia vitu na kuanza kuviangalia kwanza.

Haya, levo ya pili. Twiga, viboko, mbuni na wale nyani. Kwanza ujue kwamba ugumu wake haukuja kwa bahati mbaya. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, alikuja kueleza miaka mingi baadae kwamba Disney hawakutaka mtu akodishe gemu wikiendi moja aimalize arudishe, kwahiyo waliongeza ugumu mapema ili watu wainunue. Mimi kusikia hivyo kulinisaidia sana kiukweli, maana unaelewa kwamba ule ukuta uliwekwa makusudi, na ukuta uliowekwa na mtu una mahali pa kupitia.

Tatizo la nyani ni kwamba watu wanadhani ni suala la kuwahi. Si la kuwahi kabisa. Nyani mmoja anakudaka anakurusha kwa mwenzake, mwenzake anakurusha kwa mwingine, na unakua huna unachoweza kufanya mpaka wakutue. Kwahiyo kazi yote inafanyika kabla hujamfikia nyani wa kwanza. Wale wa rangi ya pinki ukiwangurumia wanageuka upande mwingine, na upande alioangalia ndo upande atakaokurusha. Basi nilichofanya nilichagua kufuata mnyororo mzima kwa macho, naruhusu nirushwe mpaka mwisho hata kama najua naenda kufa, naangalia tu ni nani kanirusha wapi, narudisha nyuma, namgeuza nyani mmoja TU, narushwa tena, naangalia nimefika wapi. Mmoja mmoja. Ukigeuza wawili kwa pamoja hujui tena nani ndo alikua anaharibu, unarudi kubahatisha. Nilipofanya hivyo kile kitendawili cha miaka yote kikafunguka chenyewe, nikachora kwenye karatasi vimshale vya nani aangalie wapi, na tangu hapo sijawahi kupotea tena pale. Na kumbuka kipimo cha ngurumo, unageuza wa kwanza halafu unasimama unasubiri kijae ndo ugeuze wa pili, watu wengi wananguruma mfululizo nyani hageuki wanafikiri wamekosea nyani.

Mbuni sasa ndo hedifoni zinapoingia. Umempanda mbuni anakimbia mwenyewe, vifaru unaruka, viota vya juu unainama, na kuna sehemu kuruka kwa kawaida hakutoshi inabidi Simba aruke tena kutoka mgongoni mwa mbuni. Kwa macho peke yake kwenye skrini ndogo unachelewa, ukishaona ni kama umeshagonga. Kile kipande hakibadiliki hata siku moja, vitu vinakuja kwa mpangilio uleule kila ukicheza, kwahiyo nikakijifunza kama wimbo, nikawa nasema kwa sauti ruka, inama, ruka ruka, inama, huku muziki unaenda masikioni, na baada ya muda vidole vilikua vinajua kabla ya macho. Nilipopita kile kipande safi bila kuguswa nilisimama kabisa. Miaka yote ile, halafu unaona skrini ya levo ya tatu kwa haki yako mwenyewe, ni raha ambayo siwezi kuielezea vizuri.

Makaburi ya tembo ni ya tumbusi na fisi, na kama ulimuelewa yule fisi wa kwanza hapa hutasumbuka sana, kanuni ni ileile ila wanakuja zaidi ya mmoja, usikubali wakuweke katikati. Ile ya nyumbu korongoni ni fupi, usibane ukutani, kaa maeneo ya katikati uwe na nafasi ya kwenda kushoto na kulia. Uhamishoni tunza afya, wale wadudu unaowakuta njiani wanaongeza afya na wengine wanaongeza nguvu ya ngurumo, usiwapite kwa haraka zako.

Maporomoko ya maji ya levo ya Timon na Pumbaa, wale marafiki wa Simba, ndo sehemu ya pili iliyonikalisha chini. Magogo yanashuka na maji na wewe unapanda kwa kuruka kutoka gogo moja kwenda lingine, na macho yanataka kuangalia gogo ulilosimama. Usiliangalie. Hilo umeshalipata, angalia linalotokea juu ya skrini, ruka likiwa bado liko juu yako kidogo, ukisubiri lilingane na wewe limeshakupita. Nilipohamisha macho tu pale nilipita siku ileile. Mbele yake kuna sokwe anarusha nazi, huyo ni fisi mwingine tu, subira ileile. Kitu nilichokuja kujua na nikakipenda ni kwamba hii levo na ile ya mapango ya lava zilitokana na vipande vya filamu ambavyo mwishowe viliondolewa, ndo maana unakutana na mambo ambayo kwenye filamu hukuyaona.

Baada ya hapo Simba amekua mkubwa na ghafla unacheza gemu nyingine. Ana makucha, ana uzito, haruki tena kama mtoto. Hapa nashauri usiingie vitani moja kwa moja, kaa pale mwanzo mwanzo fanya mazoezi ya kumkamata adui na kumrusha. Wengi hawaijui hii mbinu kwasababu makucha yanatosha kuua karibu kila kitu, unaweza ukafika mwisho wa gemu hujawahi kuitumia, na hapo ndo gemu inakushika pabaya. Mapango ya lava ni suala la kutulia, mvuke unatoka chini kwa mpigo unaojirudia, simama hesabu, pita. Yale mapango mengine ya kupotea nilichora ramani nayo, mlango huu unanipeleka wapi, kama nilivyofanya kwa nyani. Mkusanyo una sehemu unaweza kutazama gemu ikichezwa yenyewe mpaka mwisho, ila sikuitumia, nilitaka njia niipate mwenyewe.

Scar. Unapigana nae, anakimbia, unamfuata juu zaidi kwenye mwamba, unapigana nae tena, moto unawaka huku na huku, mpaka mnafika kileleni. Na kileleni unampiga makucha, unampiga, unampiga, na hafi. Hapa ndo watu wanatupa kontrola wakidhani gemu imeharibika. Haijaharibika. Makucha yanamchosha tu, kinachommaliza ni kumkamata na kumrusha kutoka ukingoni. Kwahiyo pambano zima la mwisho ni suala la mahali mnaposimama. Mimi nilikua nampiga nikiwa narudi nyuma taratibu kuelekea ukingoni, namuacha anifuate, sio mimi nimfuate yeye, afya yangu nikiilinda kwa kuruka kila akinyanyua mkono, mpaka nilipokua na ukingo mgongoni na Scar mbele yangu amechoka. Nikamkamata. Akapita juu yangu akaenda.

Mikono ilikua imelowa jasho kabisa, nikaweka Switch mezani nikaangalia Simba anapanda juu ya mwamba ananguruma, nikaacha majina ya watengenezaji yapite yote mpaka mwisho nikiyasoma, maana hawa watu walifanya kazi.

Sasa nimeanza lile toleo la Game Boy lililomo humohumo kwenye mkusanyo. Rangi hakuna, ni vivuli vinne tu, na skrini inakuonyesha eneo dogo zaidi mbele yako kwahiyo ile tabia ya kusimama na kuangalia kabla ya kuruka inahitajika mara mbili. Kuna mtu amelimaliza? Nataka kujua ulifanyaje kwenye mbuni, maana mpangilio wangu wa ruka inama itabidi niuandike upya wote.