Mkono wangu ulivyoibiwa damu

Nikisema nina fistula watu hunitazama mara mbili, mwanamume wa miaka 58, maana kwetu neno hilo wamezoea kulisikia kwa kina mama waliopata majeraha ya uzazi. Yangu iko mkononi. Daktari aliunga ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na vena, unaoirudisha, karibu na kiwiko cha kushoto ili vena inenepe, ihimili sindano 2 nene za mashine ya kusafisha damu badala ya figo zangu zilizoshindwa, mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Kabla ya hapo nilikuwa na mpira wa kupitishia damu hiyo, uliochomekwa shingoni. Sitaki hata kuukumbuka.

Ilipokomaa niliipenda. Ukiigusa inatetema kama paka aliyeshiba, nami kila asubuhi niliigusa kabla sijanawa uso.

Baada ya miezi michache vidole vikawa vya baridi, na hiyo ni Dar, Februari! Nikiwa kwenye mashine viliuma hadi natamani nichomolewe. Nikasingizia kisukari, kwani miguu kilishaitia ganzi zamani. Nikaazima glovu ya bodaboda ya mwanangu, nikanyamaza. Ujinga wangu huo.

Aliyeshtuka ni sista: "Baba, mbona kucha za mkono huu zimepauka hivi?"

Daktari alitafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono, akayakosa. Akabonyeza fistula kwa kidole gumba, akasubiri. Mapigo yakarudi, vidole vikaanza kupata joto nikiona mwenyewe. "Mzee, fistula inakuibia," akasema. Damu hukimbilia njia pana iliyo rahisi, na ateri zangu za chini ya kiwiko, zilizokakamaa kwa kisukari, hazikuweza kuivuta.

Ultrasaundi ya mishipa ikathibitisha. Kuifunga kabisa kungenirudisha kwenye mpira wa shingoni, kwa hiyo tukakubaliana ibanwe: waliishonea kizuizi kidogo kuipunguza upana, kwa ganzi ya mkono tu. Alinionya kwamba ikibanwa kupita kiasi damu itaganda na fistula itakufa.

Usiku ule sikulala. Kila nikizinduka napeleka kiganja. Paka alikuwapo, ila anakoroma kwa sauti ya chini.

Glovu nimeirudisha. Wa kupima presha wote nawapa mkono wa kulia kabla hawajauliza, na sista nikifika tu namnyoshea vidole avishike.