Chupa ya mofini mwezi wa Ramadhani

Mgonjwa alikuwa mvuvi mzee wa mkoani Tanga, saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Timu yetu ya tiba shufaa, yaani ya kuwapunguzia mateso wenye ugonjwa mzito, ilikuwa imemwachia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, miligramu 5 katika kila mililita 5: kipimo kimoja cha mililita 5 saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane na saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne usiku viwili kwa mpigo ili alale mpaka alfajiri. Hiyo ni mililita 30 kwa siku, 210 kwa wiki. Nesi alipoinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, ilikuwa imepungua nusu ya hizo, na mzee akigeuzwa tu anauma meno.

Hapo ndipo wengi huandika “dawa haimsaidii” na kupandisha dozi. Ni hatari. Anayekunywa usiku peke yake atasinzia kupita kiasi usiku, na mchana atateseka vilevile.

Mchungaji wa hospitali aliamkia, akakaa mkekani. Biblia aliiacha garini. Aliuliza taratibu: imani inamsaidiaje, ina uzito gani katika ugonjwa huu, nani huswali naye, na sisi tufanye nini. Swali la pili halijaisha, mzee akajibu: “Mwanangu, Mungu kanipa Ramadhani nyingine, nami nile mchana?”

Sote tulijua kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Imo katika Kurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Ila ruhusa hiyo ikitoka kwa nesi, au kwa mchungaji, haimtui mtu moyoni. Mchungaji akamwomba mzee idhini ya kumwita imamu wa mtaa, akamuuliza pia lipi la ugonjwa lisemwe na lipi lisisemwe.

Imamu alikuja baada ya alasiri. Asiyetarajiwa kupona, alisema, halipi saumu. Hutoa fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Na kwa kuwa mgongo haukunjiki, aswali akiwa amelala. Mzee akauliza kuhusu siku alizokwisha kufunga. Zimehesabiwa, akaambiwa. Akaomba kijiko palepale.

Ziara iliyofuata chupa ilikuwa imeshuka sawasawa na hesabu. Malalamiko yakawa ya choo kigumu: bisakodili, dawa ya kusaidia kupata choo tuliyomwachia pamoja na mofini, ilikuwa haijafunguliwa.