Jinsi ninavyosoma masharti ya shahada za juu katika uhandisi wa biomedikali

Shahada ya uzamili katika uhandisi wa biomedikali, yaani uhandisi unaotumika kubuni vifaa na mbinu za tiba, kwa kawaida huelezwa kwa idadi ya krediti, na hapo ndipo waombaji wengi huanza kulinganisha vyuo. Nchini Marekani programu nyingi hudai krediti zipatazo 30. Katika nchi za Ulaya zinazofuata mfumo wa Bologna, yaani makubaliano ya kuoanisha shahada za vyuo vyao, shahada ya miaka miwili huwa na krediti 120. Nchini Uingereza, shahada ya mwaka mmoja huwa na krediti 180. Asiyejua vipimo hivi anaweza kudhani kwamba anayesoma Uingereza hubeba mzigo mara sita ya anayesoma Marekani. Krediti moja ya Uingereza huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ya Bologna ni saa 25 hadi 30, na ya Marekani hutokana na saa za darasani kwa wiki katika muhula mzima, kwa hiyo kuzilinganisha bila kuzibadilisha ni kazi bure. Mimi huziruka kwanza. Ninachotafuta katika waraka wa masharti ni jambo moja: programu inamlazimisha mhandisi aujue mwili wa binadamu kwa kina gani, na inamlazimisha aliyetoka upande wa baiolojia azijue hesabu kwa kina gani?

Jibu la kwanza limo katika sifa za kuingilia. Fani hii hupokea watu waliosoma uhandisi wa umeme, wa mitambo na wa kemikali, pamoja na waliosoma fizikia, baiolojia na hata udaktari. Karibu kila programu huorodhesha masomo ambayo mwombaji awe ameyamaliza: kalkulasi mpaka milinganyo tofautishi (ile inayoeleza jinsi vitu vinavyobadilika), aljebra ya matriki, fizikia ya mwaka mzima, kemia, na angalau somo moja la baiolojia ya seli au fiziolojia. Aliyepungukiwa huweza kupokewa kwa masharti, yaani akubaliwe lakini atakiwe kuyasoma masomo hayo kabla ya muhula wa kwanza au sambamba na masomo ya uzamili. Hapa pana mtego ambao waombaji wengi hawauoni, kwa kuwa masomo ya kufidia mara nyingi hayahesabiwi katika krediti za shahada, wala ada yake haisamehewi. Mhitimu wa baiolojia asiye na milinganyo tofautishi anaweza kujikuta ameongeza muhula mzima ambao haukutajwa popote katika maelezo ya muda wa programu.

Baada ya kuingia, somo la lazima ambalo hukosekana kwa nadra ni fiziolojia inayofundishwa kwa macho ya mhandisi. Vyuo hutofautiana sana katika uzito wake. Programu ya pamoja ya Harvard na MIT ya sayansi na teknolojia ya afya, iliyoanzishwa mwaka 1970, huwapeleka wanafunzi wake wa uzamivu katika masomo ya awali ya udaktari na kisha kwenye mafunzo ya hospitalini. Johns Hopkins, chuo kikuu kingine cha Marekani, nayo kwa muda mrefu imewaketisha wanafunzi wake wa uzamivu katika masomo ya shule ya udaktari. Kwingineko sharti hilo hutimizwa kwa somo moja la muhula mmoja. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ina uzito kuliko jina la chuo. Mhandisi atakayebuni kifaa cha moyo akiwa amesoma moyo kwa wiki mbili tu atautegemea ufahamu wa daktari kwa kila uamuzi, na hatajua ni wakati gani daktari naye anakisia.

Upande wa pili wa mizani ni hesabu za ngazi ya juu, ambazo wanafunzi waliotoka katika sayansi za tiba huzilalamikia kuliko kitu kingine chochote. Haziwekwi kwa ajili ya kuchuja watu. Mwaka 1952 wanasayansi wa Uingereza Hodgkin na Huxley walieleza jinsi neva inavyopitisha msukumo wa umeme kwa milinganyo minne tofautishi inayotegemeana, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1963, na mpaka leo anayetaka kubuni kichocheo cha neva au kuelewa kwa nini umeme wa kiwango fulani husisimua msuli na wa kiwango kingine hausisimui hana budi kupita humo. Picha za sumaku zinazopigwa hospitalini nazo hupatikana kwa kugeuza mawimbi ya redio kuwa picha kupitia hesabu za Fourier, ambazo huligawa wimbi tata katika mawimbi sahili. Kwa sababu hiyo programu nyingi hudai somo moja la hesabu za uhandisi au la uundaji wa modeli, na jingine la uchambuzi wa ishara. Masomo yanayobaki huchaguliwa kwa kufuata mkondo, kama vile biomekanika, vitu vya kupandikizwa mwilini, upigaji picha za tiba, uhandisi wa tishu au vifaa vya kielektroniki.

Takwimu na maadili ya utafiti hupewa nafasi ndogo katika orodha, na wanafunzi huyachukulia kama masomo ya kukamilisha ratiba. Ningependa yapewe nafasi kubwa zaidi. Kifaa cha kupimia oksijeni kwa kubana kidole, ambacho msingi wake uliwekwa na Takuo Aoyagi nchini Japani katika miaka ya 1970, hulinganisha jinsi mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi unavyofyonzwa na damu. Ni uhandisi mzuri sana. Hata hivyo, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kilivyoshindwa kwa wagonjwa weupe. Kosa la aina hiyo haligunduliwi kwa kuongeza usahihi wa saketi. Linagunduliwa na mtu aliyefundishwa kuuliza sampuli ya majaribio ilikuwa na watu gani. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huwataka wanafunzi wanaofadhiliwa na ruzuku zake za mafunzo wapate angalau saa 8 za mafunzo ya uadilifu katika utafiti, na vyuo vingi vimeligeuza takwa hilo kuwa sharti la shahada kwa kila mtu.

Maadili yana sura nyingine ambayo huathiri kalenda moja kwa moja. Utafiti unaohusu binadamu, hata ule wa kumwomba mtu avae kihisishi kwenye kifundo cha mkono, huhitaji kibali cha kamati ya maadili kabla ya kukusanya takwimu yoyote. Unaohusu wanyama huhitaji kibali cha kamati nyingine. Maombi hurudishwa kwa marekebisho, na miezi hupita. Katika uzamili wa mwaka mmoja, mwanafunzi anayesubiri muhula wa masomo uishe ndipo aanze kuandika maombi amekwisha kuchelewa. Wasimamizi wazuri humpa mwanafunzi mradi wenye kibali tayari, au humwelekeza kwenye takwimu zilizokwisha kukusanywa, na hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kuchagua msimamizi.

Uamuzi mkubwa kwa mwanafunzi wa uzamili ni kati ya njia ya tasnifu na njia ya masomo matupu. Katika njia ya tasnifu, krediti kadhaa, mara nyingi kati ya 6 na 9 katika zile 30, hutolewa kwa utafiti, na mwisho wake ni kuandika na kutetea kazi hiyo mbele ya kamati ya walimu watatu hivi. Katika njia ya pili krediti hizo hujazwa na masomo mengine, wakati mwingine pamoja na mradi wa usanifu au mtihani wa jumla. Anayetaka uzamivu na achukue tasnifu. Anayetaka kazi viwandani anaweza kuchukua njia ya pili bila kujiona amepungukiwa, ila ahakikishe masomo yake ya hiari yanagusa kanuni za vifaa tiba, yaani viwango vya kimataifa vya ISO: ISO 13485 ya usimamizi wa ubora, ISO 14971 ya usimamizi wa hatari, na ISO 10993 ya kupima kama kitu kinapatana na mwili. Ni nadra viwango hivi kuwa sharti la shahada, jambo ambalo mimi naliona ni upungufu, kwa sababu kifaa kisichoweza kupita katika viwango hivyo hakimfikii mgonjwa.

Kwa uzamivu, orodha ya masomo hupungua uzito na hatua za kupimwa ndizo hutawala. Katika mfumo wa Marekani kuna mtihani wa kufuzu, kwa kawaida kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu, kisha utetezi wa pendekezo la utafiti, kisha utetezi wa tasnifu yenyewe. Kufundisha kwa muhula mmoja au zaidi pia hudaiwa mara kwa mara. Uingereza mwanafunzi huingia katika utafiti mapema, hupimwa karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza, na humaliza kwa mtihani wa mdomo mbele ya mtahini wa ndani na wa nje. Soma kwa makini kanuni ya kuunda kamati. Programu inayodai awemo mjumbe mmoja kutoka shule ya udaktari au hospitali imekuhakikishia kwamba swali la "nani atakitumia kifaa hiki, na kwa mgonjwa yupi?" litaulizwa kabla hujatumia miaka mitatu maabara.

Yanayobaki ni ya kiutawala, lakini huwaumiza watu. Vyuo vingi vya Marekani hudai wastani wa alama usioshuka chini ya 3.0 katika kipimo cha 4.0, na huweka ukomo wa miaka ya kumaliza, ambao unaweza kuyafanya masomo ya zamani yasihesabiwe tena. Krediti za kuhamisha kutoka chuo kingine hukubaliwa kwa kiasi kidogo tu. Chuo kikizikubali, angalia barua ya kukubaliwa inataja somo gani hasa limefidiwa, kwa sababu krediti zinaweza kupokewa kama za hiari huku fiziolojia ya lazima ikibaki inakusubiri.