Mizani ilinidanganya mara mbili

Aliyenishauri niache wanga wiki moja kabla ya nusu marathoni simlaumu sana. Lawama ni zangu niliyemsikiliza. Maneno yake yalikuwa matamu: utapungua, utakuwa mwepesi, mwili utachoma mafuta. Jumatatu nikaaga wali, mkate, viazi, hata ndizi.

Alhamisi nikapanda mizani: kilo 2 zimeyeyuka! Nikaipiga picha, nikamtumia mshauri wangu, nikajiona bingwa. Kumbe yaliyoondoka mengi ni maji. Ile akiba ya wanga kwenye misuli na ini, glaikojeni, kila gramu yake hukaa na gramu kama 3 za maji. Akiba ikiisha, maji nayo yanaaga. Kitambi changu kilikuwa palepale.

Siku ya mbio, kwa kasi ambayo mazoezini huwa napiga nayo soga, nilihema kama mpanda ngazi aliyebeba gunia. Kilomita ya 9 mapaja yakawa magogo. Ya 13 nikaanza kupatana na nguzo za taa: nikifika ile pale, natembea kidogo. Nikafika, nikatembea, na "kidogo" ikawa ndefu. Mzee mmoja mwenye soksi zisizofanana akanipita akisema, "Pole, mwanangu." Pole ile iliniuma kuliko mapaja. Huwa namaliza kwa saa 2 hivi. Siku hiyo niliongeza dakika 19.

Baadaye ndipo nikasoma kwamba mafuta hudai oksijeni nyingi kuliko wanga ili kutoa nguvu ileile. Australia waliwajaribu wanariadha wa kutembea kwa kasi, watu wa kimataifa, kwa wiki 3 za mafuta mengi na wanga kiduchu: mafuta waliyachoma kweli, ila kwenye kilomita 10 hawakuwa na nafuu yoyote. Sembuse mimi na siku zangu 6.

Mara ya pili nikageuza: siku 2 za mwisho, wanga gramu 8 hivi kwa kila kilo ya mwili. (Kwa kilomita 5 au 10 sijisumbui, akiba ya kawaida inatosha.) Bahati nzuri nilifanya majaribio kabla ya mazoezi marefu, maana nilijaza maharage na mkate wa ngano nzima, nikaishia kukimbia kutafuta choo. Ujanja ni kupunguza nyuzinyuzi: wali mweupe, mkate mweupe, asali, juisi iliyochujwa. Mafuta nayo punguza, la sivyo unashiba kabla hujafika popote.

Jumamosi mizani ikasoma kilo 1 na nusu zaidi. Nilipagawa! Maji yaleyale yamerudi, nalijua hilo, lakini nilitaka kususa chakula cha jioni. Mke wangu akaichukua mizani, akaificha.

Kesho yake nikamaliza kwa saa 1 na dakika 54, na nguzo za taa hata sizikumbuki. Mizani mpaka leo sijui iko wapi.