Baiskeli Iliyofunikwa Khanga

Kwetu Tandika neno ni hilo hilo moja. Chombo ambacho kaka yangu alikuwa akikitengeneza chini ya mwarobaini ni baiskeli, na kile kiti cha magurudumu alichochangiwa na watu wa msikitini baada ya kutoka hospitali nacho mtaani kiliitwa baiskeli. "Naona kaka yako kapata baiskeli," jirani aliniambia kwa furaha kabisa siku kilipoletwa. Moyo ulinipasuka.

Kaka alikitupia jicho mara moja, akamwambia mama akifunike. Mama akachukua khanga yake, akakifunika, kikakaa vile pembeni ya kabati majuma matatu.

Ilikuwa Septemba 2018. Januari ya mwaka huo kaka alikuwa anaijaribu baiskeli ya mteja Barabara ya Kilwa, upande wa Mtoni, giza linaingia, gari likamgonga kwa nyuma na halikusimama. Uti wa mgongo uliumia vibaya. Daktari alimweleza mama pembeni, mama akatueleza nusu, na kaka mwenyewe hakuna aliyemweleza. Kila aliyekuja kumjulia hali alisema, "Utasimama tu, inshallah." Naye alijibu "Inshallah," kisha akageukia ukutani. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Hilo bado linaniuma.

Siku ninayoikumbuka nilikuwa kwenye daladala natoka Kariakoo, napekua simu, nikakutana na picha ya mwanamke wa Kijerumani kwenye kiti cha magurudumu. Nilimtambua hapo hapo. Kristina Vogel.

Huyu tulimfahamu. Agosti 2016, wakati wa Olimpiki ya Rio, kaka alinikatalia kwenda kulala. "Kaa hapa mdogo wangu, leo utaona baiskeli." Saa sita usiku ilikuwa inakaribia. Uwanja ulikuwa wa mbao, umeinama pembeni kama bakuli, mita 250 kwa mzunguko. Kaka alinieleza kwamba baiskeli zile hazina breki, na pedeli zimefungana na gurudumu la nyuma: gurudumu likizunguka, miguu nayo lazima izunguke, hakuna kupumzika. Wanawake wawili, Vogel na Becky James wa Uingereza, wakaanza polepole kama watu wanaotafuta sarafu iliyodondoka. Nikacheka, nikauliza kama hizi ndizo mbio. Kaka akanikemea. "Wanaviziana hao. Wa mbele anakata upepo, wa nyuma anajificha."

Halafu wakafyatuka. Kwenye mstari wa mwisho Vogel aliisukuma baiskeli mbele kwa nguvu mpaka tandiko likachomoka, likadondoka, naye akaendelea kwenda, hana pa kukalia, hana breki, na hakuanguka. Dhahabu! Kaka aliruka akapiga kelele mpaka mama akaamka. Kesho yake kijiweni alimsimulia kila aliyeleta pancha, na wiki nzima alikuwa akikaza nati za matandiko ya wateja ambao hata hawakumwomba.

Sasa nasoma kwamba Juni 2018, mazoezini kule Cottbus, bingwa huyo wa dunia mara 11 aligongana na mwendeshaji mwingine akiwa kasi, uti wa mgongo ukakatika, hatatembea tena. Na amelisema kwa kinywa chake, bila kuficha. Amesema mtu akiikubali mapema hali yake mpya, ndivyo atakavyoimudu vizuri zaidi.

Nilipitiliza kituo. Nikarudi kwa miguu, njia nzima najiuliza kama nimwambie. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshaamua, maana nilichoka kumdanganya mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamsomea yote. Nikaanzia 2009, Vogel alipogongwa na gari akiwa mazoezini, akawekwa kwenye usingizi wa dawa, kisha akarudi uwanjani. Halafu hii ya pili. Kaka alisikiliza macho yakiwa kwenye bati.

"Yule wa tandiko?"

"Yule yule."

"Anasema hatatembea?"

"Anasema hatatembea."

"Na mimi je?"

Mama alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Alinitazama, kisha akatazama chini. Nikasema, "Na wewe hivyo hivyo, kaka. Daktari alisema."

Alilia. Nikalia. Mama akaweka sufuria chini, akaketi sakafuni pale pale.

Vogel alikuja kuchaguliwa diwani wa Erfurt mwaka 2019, akawa mchambuzi wa michezo kwenye televisheni na mtu anayealikwa kuzungumza mbele ya watu kuhusu maisha baada ya ajali. Nimewasikia wahamasishaji wengi hapa mjini, na karibu wote wanaahidi jambo. Yeye, siku ile, hakumwahidi kaka chochote. Ndiyo maana kaka alimsikia.

Alasiri ilipokuwa inaisha kaka akaita, "Mama, hebu nifunulie hiyo baiskeli." Tukamsogezea kitandani. Hakupanda. Alizungusha gurudumu la kulia kwa kidole kimoja, akalitazama likiyumba, akasonya. "Ringi imekaa upande. Leteni boksi langu."

Akashika kipande cha chaki karibu na ringi, akazungusha tena. Chaki iliacha alama pale tu palipopinda. Akakaza spoku moja kidogo, akalegeza ya upande wa pili, akafuta kwa kitambaa, akazungusha. Alama ikarefuka. Akarudia, na jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso, mpaka chaki ikagusa ringi yote kuizunguka.

"Nani aliyeifunga hii?" akauliza kwa ukali. Ukali ule wa kijiweni nilikuwa sijausikia tangu Januari.

Mama akaokota khanga yake sakafuni, akaikung'uta, akajifunga.

"Na pampu," kaka akasema.