Kaunta buku ya Septemba 2013

Sehemu ya mwisho ya Breaking Bad ilirushwa Marekani Jumapili ya tarehe 29 Septemba 2013, saa tatu usiku kwa saa za New York. Dar es Salaam ilikuwa tayari Jumatatu, saa kumi alfajiri. Siku 28 kabla ya hapo tulikuwa tumeanza kuirudia tamthilia yote tangu sehemu ya kwanza, mimi, dada yangu mkubwa na shemeji, sebuleni kwao Tabata.

Tuliirudia kwa sababu tulikuwa tumeitazama vipande vipande. Ilianza kurushwa Januari 2008, na sisi tuliipata kwa kuchelewa, msimu huu kwa huyu, msimu ule kwa yule. Shemeji alikuwa ameruka nusu ya msimu wa pili. Mimi nilisahau kwa nini Hank, askari wa kupambana na dawa za kulevya, anatembelea mkongojo. Na tamthilia hii haimkumbushi mtu aliyesahau. Kitu kilichoonyeshwa sekunde tano mwaka 2009 kinarudi 2013 bila maelezo yoyote.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya muda. Kuna sehemu 62: msimu wa kwanza 7, maana mgomo wa waandishi wa Hollywood uliukata mapema, wa pili, wa tatu na wa nne 13 kila mmoja, wa tano 16, nane zikatoka 2012 na nane 2013. Ukitoa ile ya mwisho zinabaki 61. Kila moja ni kama dakika 47, kwa hiyo jumla ni saa 48 kasoro kidogo. Dada Septemba hiyo alipangwa zamu za asubuhi hospitalini, hivyo usiku wa manane haukuwezekana. Tulikubaliana siku za kazi sehemu mbili baada ya taarifa ya habari, Jumamosi nne, Jumapili mbili. Hiyo ni 16 kwa wiki, 64 kwa wiki nne. Tatu zilizozidi tuliziweka akiba, kwa ajili ya umeme kukatika.

Jumatatu tarehe 2 tulianza kwa deki yenye tundu la USB na televisheni chogo ya inchi 21. Haikufaa. Chogo inakata kingo za picha, na maandishi ya chini yalipotea nusu. Kibaya zaidi, picha za usiku zilikuwa masizi matupu. Tamthilia hii ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, na Michael Slovis, aliyeshika kamera kuu tangu msimu wa pili, anaacha nusu ya uso wa mtu gizani kwa makusudi. Kama runinga haitofautishi cheusi na kijivu, hukuona uso. Jumanne tukahamia laptopu juu ya stuli, pazia limefungwa, taa ya sebuleni imezimwa na ya koridoni imeachwa. Sabufa tuliibakiza lakini besi tukaishusha karibu na sifuri, kwa sababu watu wa tamthilia hii wanazungumza kwa sauti ya chini sana, hasa mhusika aitwaye Mike, na besi inameza maneno.

Maandishi ya chini yalitusumbua wiki nzima. Faili la picha lilikuwa la fremu 23.976 kwa sekunde, faili la maandishi lilitengenezwa kwa toleo la fremu 25. Mwanzo wa sehemu maneno yanakaa sawa. Ukifika dakika ya kumi yametangulia sekunde 25 hivi, na mwishoni yametangulia karibu dakika mbili, mtu anajibiwa kabla hajauliza. VLC, programu tuliyotazamia, inaruhusu kusogeza maandishi kwa herufi G na H, milisekunde 50 kila ukibonyeza, lakini hiyo ni dawa ya tofauti isiyobadilika. Tofauti inayokua haitibiki hivyo. Dawa iliyo rahisi ni kupata faili la maandishi linalolingana na toleo lako la picha. Na huwezi kusema basi tuyaache maandishi, Kiingereza tunakisikia. Kuna Kihispania kingi humu. Sehemu ya saba ya msimu wa pili inafunguliwa kwa wimbo mzima wa Kihispania unaoimba kwamba Heisenberg, jina la siri la mhusika mkuu, ameshakufa, ila hajaambiwa tu. Sehemu ya nane ya msimu wa nne inatupeleka Meksiko, Gus, mfanyabiashara wa dawa za kulevya, akiwa kijana kando ya bwawa la Don Eladio, bosi wa genge la huko, na ukikosa mazungumzo yale hutaelewa kamwe kwa nini mtu mtulivu namna hiyo ana kisasi kirefu namna hiyo.

Kaunta buku lilikuwa wazo la dada. Kwake, mgonjwa asiyeandikwa kwenye faili hana historia. Akaligawa mafungu matatu: Fedha, Watu, Vitu. Kila sehemu ikiisha tuliandika mistari miwili, mitatu, na namba ya sehemu pembeni. Nikiulizwa leo na mtu anayetaka kurudia tamthilia ya namna hii kabla ya mwisho wake, jambo la kwanza nitakalomwambia ni daftari. Mara ya kwanza macho yako yanakimbilia kujua nini kitatokea. Mara ya pili unajua tayari, macho yanapata nafasi ya kuona mikono ya watu inashika nini.

Jumatano tarehe 4 tulifika sehemu ya tano ya msimu wa kwanza. Walter White, mwalimu wa kemia wa Albuquerque mwenye saratani ya mapafu, anaalikwa kwenye sherehe ya Elliott, rafiki wa zamani aliyetajirika kwa kampuni waliyoianzisha pamoja. Elliott anampa kazi, na ndani ya kazi hiyo kuna bima nzuri ya matibabu. Walter anakataa. Baadaye Gretchen, mke wa Elliott, anampigia simu kumwambia watalipa gharama zote. Anakataa tena, kisha anakwenda kumwuliza Jesse, aliyekuwa mwanafunzi wake, kama yuko tayari kupika dawa za kulevya. Mimi mara ya kwanza nilikuwa upande wa Walter kabisa. Nilisema ni mtu mwenye heshima yake. Dada, ambaye kazini ameona familia zikiuza kiwanja kwa ajili ya matibabu, hakusema kitu. Aliandika tu kwenye ukurasa wa Fedha.

Kesho yake, Alhamisi, ikaja sehemu ya kwanza ya msimu wa pili, na Walter akapiga hesabu mbele yetu akiwa kwenye uwanja wa magari chakavu. Chuo cha watoto wawili, miaka minne kila mmoja, dola 45,000 kwa mwaka: 360,000. Deni la nyumba, 137,000. Matumizi ya nyumbani, 2,000 kwa mwezi kwa miaka kumi: 240,000. Jumla dola 737,000. Wiki kumi na moja za kazi, anasema, basi. Dada aliipiga mstari chini hiyo 737,000 na kuandika “wiki 11” pembeni.

Wengi wanaifahamu namba hiyo kwa jambo jingine. Sehemu nne za msimu wa pili, ya 1, ya 4, ya 10 na ya 13, zinafunguliwa kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, isipokuwa dubu wa kuchezea wa waridi anayeelea kwenye bwawa la akina Walter. Ukiyapanga majina ya sehemu hizo nne yanaunda sentensi ya Kiingereza: ndege aina ya 737 imeanguka juu ya Albuquerque. Tuliotazama mara ya kwanza tulidhani nyumba imelipuliwa. Msimu ulikuwa unatuambia ukweli wote, tena kwa majina yake wenyewe.

Jumanne ya tarehe 10 ilikuwa nzito. Sehemu ya 12 ya msimu wa pili, Jesse na mpenzi wake Jane wamelala baada ya kujidunga. Walter anamtikisa Jesse aamke, na katika kutikisa huko Jane, aliyekuwa amelala ubavu, anageuka chali. Anatapika. Walter ananyoosha mkono, kisha anauzuia. Niliikumbuka sehemu hiyo kama ya mtu aliyesimama tu akatazama. Dada alirudisha nyuma akatuonyesha kinachotangulia: ni Walter aliyemgeuza. Na mapema kwenye sehemu hiyohiyo alikuwa amemlaza mwanawe Holly ubavu na kumwegemezea taulo lililokunjwa, kwa hofu hiyohiyo ya kutapika. Anayejua kumwekea mtoto taulo anajua mgonjwa anayetapika akiwa chali inakuwaje. Kwenye ukurasa wa Watu akaandika Jane, na sehemu iliyofuata akaongeza 167, abiria na wahudumu wa ndege mbili zilizogongana kwa sababu baba yake Jane, mwongozaji wa ndege, alirudi kazini na msiba wake.

Wiki ya pili ratiba ilitukosea mahali pawili. Jumamosi tarehe 14 sehemu ya nne ya usiku ilikuwa ile ya nzi, ya kumi ya msimu wa tatu. Ni watu wawili tu ndani ya maabara, Walter na Jesse, wanamfukuza nzi mmoja. Vince Gilligan, mtunzi wa tamthilia, alishasema iliandikwa hivyo kwa sababu fedha zilikuwa zimepungua. Ukiiweka ya nne, baada ya ile ya Hank na wale pacha wenye shoka, watu wanalala. Shemeji alilala. Hasara yake ni kubwa, kwa kuwa ndani ya sehemu hiyo Walter, akiwa amelewa dawa ya usingizi, anakaribia kabisa kumwambia Jesse habari za Jane. Tuliirudia Jumapili mchana, akili zikiwa na nafasi, na ilikuwa bora kuliko nilivyoikumbuka. Kosa la pili lilikuwa la hesabu yetu: sehemu ya 12 ya msimu wa tatu iliangukia Jumapili hiyohiyo usiku, na ya 13 ikabaki ya Jumatatu. Hizo mbili hazitenganishwi. Ya kwanza inaishia Walter akimwambia Jesse akimbie, na aliyelala na neno hilo hatapata usingizi. Makosa hayo mawili yakala akiba yetu ya sehemu tatu, ikabaki moja. Ijumaa ya tarehe 20 umeme ulikatika, betri ya laptopu ikatuvusha sehemu moja tu, na akiba ikaisha.

Ukurasa wa Vitu ulitawaliwa na mbarika. Mti wenyewe sote tunaujua, unaota kwenye viwanja visivyojengwa, mbegu zake zina madoa kama kupe. Sumu yake, risini, inaingia kwenye tamthilia mwanzoni mwa msimu wa pili kwa ajili ya Tuco, muuzaji katili wa dawa za kulevya, na haimwui Tuco. Msimu wa nne inafichwa ndani ya sigara kwa ajili ya Gus, na haimwui Gus. Msimu wa tano Walter anaificha nyuma ya tundu la umeme chumbani kwake. Tangu hapo haijatumika.

Ijumaa ya tarehe 27 tuliona sehemu ya nane na ya tisa za msimu wa tano kwa mkao mmoja. Zilipotoka kwa mara ya kwanza zilitenganishwa na karibu mwaka mzima, Septemba 2012 hadi Agosti 2013, na hapo ndipo watu wengi walipopotezea kitu. Kwenye ya nane Walter anaonana na Lydia, mshirika wake wa biashara, mkahawani, kofia yake ameiweka juu ya meza. Wanazungumza biashara, Lydia na chai yake. Lydia akishaondoka, Walter anainua kofia na chini yake kuna kichupa cha risini. Dakika chache baadaye, kwa mtazamaji wa usiku mmoja, ya tisa inafunguliwa na Walter mwenye nywele na ndevu ndefu akiingia kwenye nyumba yake iliyoharibiwa, kulifungua lile tundu la umeme. Kichupa ni kilekile. Shemeji alisema sumu ni ya Jack, kiongozi wa genge. Dada aliandika Lydia, akazungushia duara.

Ukurasa wa Fedha nao ulikuwa umejaa. Skyler, mke wa Walter, alikuwa amempeleka mumewe kwenye ghala kumwonyesha kichuguu cha noti alichoshindwa kukihesabu. Jumamosi tukaona mapipa saba yakizikwa jangwani, dola milioni 80 hivi. Jumapili, kwenye sehemu ya 14, akina Jack wakayafukua wakamwachia moja. Sikumbuki kama mtu yeyote alisema neno baada ya sehemu hiyo. Dada aliandika “1” na kufunga daftari.

Sehemu ya mwisho ilitufikia Jumatatu jioni, tarehe 30, kwenye fleshi. Ina dakika 55. Walter anawapa Gretchen na Elliott dola 9,720,000 wazifikishe kwa mwanawe, wawili walewale aliokataa msaada wao. Lydia anamimina sukari yake ya stevia kwenye chai, kamera inausogelea unga, na shemeji akampigia dada makofi kimyakimya.

Halafu ikaja jiko la Skyler. Anavuta sigara peke yake, kamera inasogea, na nyuma ya nguzo kumbe Walter amesimama muda wote. Skyler anamkataza asiseme tena kwamba alifanya yote kwa ajili ya familia. Walter anakiri kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe. Aliipenda kazi ile, na aliimudu.

Dada alisimamisha picha. Alilichukua kaunta buku kutoka juu ya sabufa, akarudi nyuma kabisa, kwenye tarehe 4 Septemba, akanipa nisome. Ilikuwa mistari miwili kwa mwandiko wake wa hospitali: “Kazi amepewa. Bima amepewa. Kakataa. Hatafuti fedha.”

Nikamrudishia. Shemeji akabonyeza, tukaendelea.